Uzi: Nyumba kubwa ya kijijini si maandalizi ya uzeeni. Anayepinga aje na sababu

#1 Mtazamo_Mrefu (Nakuru)

Salamu wadau. Naweka dai mezani. Wazee wengi tunaowaona wakihangaika huku kwetu Magharibi mwa Kenya hawakufikishwa hapo na mshahara mdogo. Nyumba ya kijijini ndiyo iliyowamaliza. Miaka 20 ya mawe, simiti, mabati na vigae, halafu siku ya kustaafu mtu anaingia ndani ya vyumba sita na hakuna senti inayoingia mfukoni mwisho wa mwezi.

Jirani ya wazazi wangu karibu na Kakamega alikuwa karani serikalini. Alijenga ghorofa, na roshani inayotazama barabara. Leo yeye na mama wanalala kile chumba kidogo kando ya jikoni kwa sababu magoti yamekataa ngazi. Huko juu wanaanikia mahindi. Nilipanda kumsaidia kuyageuza: yametandazwa juu ya vigae vyeupe mpaka mlangoni pa choo ambacho hakijawahi kutumika, na paka amefungiwa humo awinde panya. Mzee huyohuyo humpigia mwanawe simu kuomba nauli ya kwenda kliniki ya presha.

Mimi nina miaka 34, nimeajiriwa, mke wangu ana duka. Msimamo wangu ni kwamba kabla hujamwaga msingi nyumbani, ujue pesa ya kula ukiwa na 65 itatoka wapi, na uanze kuiweka sasa.

#2 Nyar_Nam (Kisumu)

Napinga. Ndugu yangu, kwetu mwanamume hafi bila boma. Mjomba wangu alikuwa na nyumba za kupangisha jijini na hakuwa na hata kibanda nyumbani. Alipofariki, ukoo ulijenga nyumba ya mabati kwa siku chache ndipo mwili uingie. Waombolezaji wanalia huku na nyundo zinagonga kule. Shangazi hajalisahau hilo hadi leo. Nyumba nyumbani ni lazima. Tujadili ukubwa wake, si kuwepo kwake.

#3 Chaki_Nyeupe (Vihiga)

Mimi ni mmoja wa hao wazee, kwa hiyo niruhusuni. Nilistaafu ualimu 2021 nikiwa na 60. Nyumba yangu ni ya kawaida na haikunimaliza. Kilichotubana ni lile pengo kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza. Faili ilikaa ofisini, mara karatasi hii haipo, mara tarehe ya kuajiriwa hailingani. Tulikula mahindi yetu na chama cha mke wangu kikatushika mkono. Vijana, mtu asistaafu bila akiba ya kumtosha karibu mwaka mzima pembeni. Na zile barua zenu za ajira, za kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo, wekeni nakala nyumbani, msitegemee faili la ofisi.

#4 KijanaWaPipeline (Nakuru)

Shikamoo mwalimu. Lakini si mnapewa nusu ya pensheni yote mkononi siku ya kwanza? Zinaenda wapi?

#5 Chaki_Nyeupe (Vihiga)

Marahaba. Si nusu, ni robo. Kwa mpango ule wa zamani wa serikali hesabu iko hivi: unachukua miezi uliyofanya kazi, unazidisha kwa mshahara wa msingi wa mwaka, unagawa kwa 480. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Robo yake inazidishwa kwa 20, unapewa kwa mkupuo. Robo tatu zinabaki kuwa pensheni yako.

Chukua mwalimu wa mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni ya mwaka ni 540,000. Robo ni 135,000, mara 20 ni 2,700,000. Hizo ndizo za mkononi. Baada ya hapo ni 33,750 kwa mwezi. Si pesa za kutupa. Tatizo ni kwamba ile 2,700,000 kijiji kizima kinajua imeingia.

#6 KijanaWaPipeline (Nakuru)

Robo, sawa mwalimu. Mbona inatosha?

#7 Hesabu_Kavu (Eldoret, kwetu ni Bungoma)

Isomeni hesabu ya mwalimu mkijua ni ya nani. Tangu tarehe 1 Januari 2021 kuna mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa moja kwa moja. Mfanyakazi anachangia 7.5% ya mshahara wa msingi, serikali 15%, na utakachopata kwa miaka ya baada ya hapo kinategemea kilichowekwa na faida yake. Kwa hiyo mwalimu wa miaka 30 leo asijipigie 480 akadhani amemaliza.

Kwa wale wa sekta binafsi, NSSF, yaani mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, sasa ni 6% kutoka kwako na 6% kutoka kwa mwajiri. Sheria ni ya 2013 lakini ilikwama kortini hadi Februari 2023. Kiwango cha juu kwa mfanyakazi kwa mwezi kilianza 1,080, 2024 kikawa 2,160, Februari 2025 kikafika 4,320. Watu wanalalamikia pesilipu, ila fikirini zile 200 zako na 200 za mwajiri za kila mwezi za zamani. Hata mtu angekatwa hivyo miaka 30 mizima, ni 144,000 kabla ya faida. Mtu atakula 144,000 uzee mzima?

#8 Fundi_Kondele (Kisumu)

Naona mnaongea pesilipu, pesilipu. Sisi wengine pesilipu tunaiona kwa shemeji. Mimi ni fundi wa mageti. Pesa yangu inakuja vipande vipande: malipo ya kwanza yananunua vyuma, ya pili yanalipa karo, ya mwisho mteja anazungusha mpaka geti lianze kutu. Nani atamkata fundi 6%?

#9 Karani_wa_Zamani (Nakuru, Section 58)

Fundi, kuna mpango wa pensheni unaoitwa Mbao, ilianza 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, 20 kwa siku. NSSF nao wana mpango wa Haba Haba kwa wasio na mwajiri. Unalipa kwa simu.

#10 Fundi_Kondele (Kisumu)

Mzee, 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka. Nimo humo na sitoki. Lakini siwezi kusema hiyo ndiyo itanilisha. Mpango wangu ni tofauti. Nilinunua mashine ya pili ya kuchomelea, naikodisha kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Ananipa changu kila Jumamosi. Nikifika 60, macho yakiwa yamechoka na moto, nataka mashine nne ziwe mikononi mwa vijana wanne. Ndio pensheni ya fundi hiyo.

#11 MamaHosteli (Njoro)

Fundi umenena, lakini vijana wanahama. Siku moja utaambiwa mashine imeenda Homa Bay na simu haipatikani. Mimi naongea kama mtu wa kupangisha.

Kila mtu Nakuru anadhani vyumba ndio uzee mwema. Marehemu mume wangu na mimi tulijenga vyumba vya wanafunzi karibu na Egerton. Machi 2020 vyuo vikafungwa. Wanafunzi wakabeba magodoro, wengine wakaacha sufuria na viatu na kodi ya miezi. Nilikaa na funguo ndani ya mkebe wa majani chai mpaka mwaka uliofuata, na mkopo wa ujenzi ukiendelea kukatwa. Nimesimama tena, namshukuru Mungu. Lakini wapangaji wa aina moja tu, wanaoondoka siku moja wote, ni hatari. Sasa nimegawa vyumba, vingine vya familia.

Halafu msisahau kodi ya serikali inayokusanywa na KRA, ya 7.5% ya mapato ya kupangisha, na rangi, na tanki, na choo kuziba Jumapili. Nina 58. Kupanda kwenye paa kuangalia tanki si kazi nitakayoiweza nikiwa na 75.

#12 Mtazamo_Mrefu (Nakuru)

Pole sana mama. Lakini ona, wewe angalau vyumba vyako viko pale panapotafutwa na wapangaji. Hilo ndilo dai langu.

#13 Binti_wa_Miwa (Mumias)

Hapo nakukatiza kwa heshima. Baba alifanya kazi kiwanda kimoja cha sukari, sitakitaja. Kiwanda kikasimama baba akiwa na 49. Hakustaafu, alistaafishwa. Pesa zake hakuzipata mpaka tukamzika. Miwa ilikuwa shambani imekomaa, haina pa kwenda. Ile nyumba unayoiita hasara, aliyokuwa ameijenga pole pole kila bonasi, ndiyo iliyotuokoa. Mama aligawa upande wa nyuma, akaweka mlango wake, walimu wawili wa shule ya jirani wakapanga. Kodi ilikuwa ndogo lakini ilinifikisha Form Four.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba nyumba ndiyo inayofilisi watu. Kinachofilisi ni kudhani utafanya kazi mpaka 60. Mnapanga hesabu zenu kama vile tarehe mtaichagua wenyewe.

#14 Nyar_Nam (Kisumu)

Binti wa Miwa, asante. Hii ndiyo post iliyonigusa zaidi hapa.

#15 Hesabu_Kavu (Eldoret)

Na hiyo ndiyo sababu ya kuanza mapema, si kuanza kwa wingi. Tazameni. Kijana wa 25 akiweka 3,000 kila mwezi mahali panapolipa 10% kwa mwaka, asiguse, faida ikizaa faida, akiwa na 60 ana zaidi ya milioni 11.3. Akianza akiwa na 45, zile zile 3,000, anafikisha kama milioni 1.24. Ili amfikie mwenzake inabidi aweke karibu 27,500 kila mwezi, na huo ndio umri wa karo za sekondari na vyuo. Baba ya Binti angekuwa ameanza akiwa na 25, siku kiwanda kinafungwa angekuwa na kitu nje ya kiwanda.

#16 Karani_wa_Zamani (Nakuru)

Kijana, hesabu yako ni sahihi ila umeisimamisha katikati. Weka mfumuko wa bei wa 6% kwa mwaka. Hiyo milioni 11.3 ya miaka 35 ijayo itanunua kile ambacho milioni 1.5 hivi inanunua leo. Nakumbuka bei ya unga nilipoajiriwa, msiniulize. Anayeweka pesa lazima ajiulize zitanunua debe ngapi za mahindi.

#17 Hesabu_Kavu (Eldoret)

Kweli mzee, na yule wa 45 naye anabaki na thamani ya laki tano na kidogo. Pengo bado ni kubwa. Dawa ni mbili: ongeza mchango kila mshahara ukipanda, na tafuta kinacholipa juu ya mfumuko. Februari 2024 Benki Kuu iliuza hatifungani (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miundombinu ya miaka 8.5 kwa 18.46%, bila kodi. Aliyeweka 100,000 anapokea kama 9,230 kila miezi sita. Viwango vimeshuka tangu hapo, msitegemee kuipata tena leo. Lakini waliokuwa na pesa tayari waliichukua, waliokuwa wakisubiri kiinua mgongo hawakuichukua.

#18 Mkulima_Subukia (Nakuru)

Karatasi tupu hizo. Ardhi haijawahi kutangaza hasara. Nina parachichi aina ya Hass, yalianza kuzaa mwaka wa tatu, na mti ukitunzwa utanizika. Kinachoharibu wastaafu wetu si nyumba wala riba, ni kuanza kilimo wakiwa na 61. Hapa kwetu alikuja mstaafu kutoka Nairobi, akanunua ng'ombe watano wa gredi kwa mkupuo wake. Hajui kupe, hajui silaji, hajui kukaa na ng'ombe anayezaa saa nane usiku. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikachukua wawili, waliobaki akawauza kwa hasara. Kilimo cha uzeeni anza ukiwa na 35, kidogo kidogo, ufanye makosa ukiwa bado na mshahara wa kuyalipia.

#19 Chaki_Nyeupe (Vihiga)

Subukia mna ekari. Huku Vihiga urithi wangu ni robo ekari na kaburi za wazazi ziko humo. Nipande parachichi wapi, juu ya marehemu?

#20 Mkulima_Subukia (Nakuru)

Mwalimu, kuku. Au mikaratusi pembeni ya mto.

#21 Nyar_Nam (Kisumu)

Mikaratusi pembeni ya mto! Unataka jirani za mwalimu wakose maji? Mti huo unakunywa. Hata wizara ilishawahi kuagiza ing'olewe kwenye chemchemi.

#22 Mkulima_Subukia (Nakuru)

Basi pembeni ya mpaka. Nguzo za umeme zinalipa.

#23 Nyar_Nam (Kisumu)

Pembeni ya mpaka ndipo kesi zinapoanzia. Watu wa Nakuru mna ardhi mpaka mmesahau jirani ni nani.

#24 Msimamizi

Mikaratusi ifunguliwe uzi wake. Turudi uzeeni.

#25 Mke_wa_Dereva (Busia)

Mmeandika mengi na hakuna aliyetaja watoto. Wazee wengi ninaowajua wana 55 na mtoto wa mwisho ndiyo kwanza anaingia sekondari. Mshahara unakatika, chuo kinaanza. Ule mkupuo unaliwa na karo. Na wale wakubwa waliosomeshwa, kila mmoja ana familia yake na ana mke anayesema kwetu pia wanahitaji. Zamani tuliambiwa watoto ndio pensheni. Mimi ninawatumia wakwe na wazazi wangu kila mwezi kwa moyo mmoja, lakini ninachowatumia hao ndicho nilichopaswa kujiwekea. Wanangu nao watajiwekea nini, wakinitumia mimi?

#26 Mtazamo_Mrefu (Nakuru)

Dada, hilo ni zito. Mimi pia natuma kwa pande mbili.

#27 Karani_wa_Zamani (Nakuru)

Nami niongeze la sacco, vile vyama vya akiba na mikopo, maana wengi hapa mnaamini akiba ya sacco ndiyo ngao. Ni ngao, mpaka udhamini watu. Nilidhamini wenzangu ofisini, mmoja akaacha kazi na kuhama. Nilipostaafu nikaomba akiba yangu, nikaambiwa imeshikwa mpaka mkopo wa yule ulipwe au nipate mdhamini badala yangu. Mtu wa 60 anatafuta mdhamini wapi? Miaka mitatu kabla ya kustaafu, acha kudhamini. Ukiombwa, sema hapana kwa upole. Na mkopo wako mwenyewe uishe kabla ya pesilipu ya mwisho, la sivyo akiba yako ndiyo italipa.

#28 Mpanga_Faili (Kericho)

Nafanya kazi kwa wakili, naona haya kila wiki: jina la atakayelipwa. Mtu alijaza fomu ya sacco na pensheni akiwa na 26, akaandika mama yake. Mama akafariki, yeye akaoa, akazaa wanne, fomu ikabaki vile vile. Siku ya siku mjane anaanza safari za korti, cheti cha kifo, barua ya chifu, na ndugu wa mume wanaleta madai yao. Fomu ni ukurasa mmoja. Ibadilisheni kila familia inapobadilika.

Na wanaojenga kwenye shamba ambalo bado liko kwa jina la babu: hata ghorofa mbili hazikupi mkopo wala hazikupi haki ya kuuza. Kamilisheni urithi kwanza, shamba liingie kwa jina lenu, ndipo mjenge.

#29 KijanaWaPipeline (Nakuru)

Hii ya #28 nimeichapisha.

#30 Chaki_Nyeupe (Vihiga)

Mmenisahaulisha jambo kubwa kuliko yote. Ugonjwa. Pensheni yangu inatosha mwezi wa kawaida. Mwezi ambao mmoja wetu amelazwa, haitoshi. SHA, bima ya afya ya serikali, inachukua 2.75% ya mshahara ukiwa kazini, ukistaafu unajilipia mwenyewe kwa mwaka mzima, na dawa za presha na sukari bado mara nyingi tunanunua mfukoni. Ule msaada wa serikali kwa wazee, Inua Jamii, ni 2,000 kwa mwezi na unaanza ukiwa na 70. Kati ya 60 na 70 uko peke yako.

#31 Hesabu_Kavu (Eldoret)

Mwalimu, kwa walio kazini sasa, sheria ya kodi ya Desemba 2024 inaruhusu hadi 15,000 kwa mwezi kwenye mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu bila kutozwa kodi, na kikomo cha mchango wa pensheni kikapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Pensheni yenyewe ukishafika umri wa kustaafu haikatwi kodi tena. Muulizeni mwajiri kama mpango wenu una huo mfuko wa matibabu. Mipango mingi haina mpaka wafanyakazi waulize.

#32 Binti_wa_Miwa (Mumias)

Na wale ambao mwajiri anakata pesa lakini hapeleki? Baba alikuwa akikatwa. Tulikuja kuona taarifa yake ina mashimo ya miezi na miezi. Angalieni taarifa zenu za NSSF kila mwaka mkiwa bado mnaweza kumuuliza mtu.

#33 Nyar_Nam (Kisumu)

Mtazamo, tumekuletea nyumba, watoto, ugonjwa, sacco, kiwanda, ng'ombe. Bado unasema ni nyumba?

#34 Mtazamo_Mrefu (Nakuru)

Bado nasema nyumba inakula pesa zilizopaswa kuwa za hayo yote mengine. Lakini ya Binti wa Miwa sina jibu lake. Mke wangu amesoma uzi huu jana usiku na yuko upande wa MamaHosteli, anataka ploti Lanet.

#35 MamaHosteli (Njoro)

Mwambie anipigie kabla hajalipa chochote. Aende ofisi ya ardhi afanye utafutaji wa hati mwenyewe, asitumiwe picha kwa simu.

#36 KijanaWaPipeline (Nakuru)

Swali la mwisho kwa Hesabu. Nina 24, nabaki na kama 4,000 kwa mwezi baada ya kodi na chakula. Hatifungani nasikia ni kuanzia 50,000. Nifanye nini nikisubiri?

#37 Hesabu_Kavu (Eldoret)

Weka kwenye MMF, ile mifuko ya uwekezaji ya soko la fedha, inayosimamiwa kisheria, ujue faida inakatwa kodi ya 15%. Ikifika 50,000 fungua akaunti ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hatifungani, kwa simu, uhamishe. Usiguse katikati kwa sababu ya harusi ya mtu.

#38 Fundi_Kondele (Kisumu)

Au aje Kondele nimfundishe kuchomelea jioni. Mashine ya tatu nanunua Desemba na sijapata wa kumpa.

#39 KijanaWaPipeline (Nakuru)

Fundi, niko serious. Wikendi unafungua saa ngapi?